Mimi, Mama Mkwe na Mjumbe Wetu

Binti yetu hakujua kwamba kuna "karibu" za mdomoni tu. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo lililokuwa tatizo lake kubwa. Kusoma na kuandika lilikuwa tatizo la walimu.

Tulikaa Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Pale mtu akila barazani lazima akuite: "Karibu chakula!" Nawe unajibu, "Ahsante, endelea, nimetoka kula sasa hivi," hata kama tumbo linanguruma mpaka linasikika. Kila mtu anajua hivyo. Binti yetu, miaka kumi na mmoja, mrefu kumfikia mama yake begani, akiambiwa karibu alinawa mikono akakaa. Alikula makande ya watu, akala ugali na sato wa watu, na siku moja kwa msimamizi wangu wa kazi akala vipande viwili vya kuku aliyechinjiwa mgeni, mgeni mwenyewe akiwa bado njiani. Tangu siku hiyo majirani wakaanza kula ndani, milango imefungwa, kwenye joto lile. Nasikia wengine wananilaumu mpaka leo.

Hakuwa mkorofi hata kidogo. Alikuwa mtoto mdogo aliyepewa mwili mkubwa kabla ya wakati, basi. Alicheza na watoto wa miaka mitano, na walipomshinda alilia na kwenda kuwasemea kwa mama zao. Shikamoo alimpa kila kiumbe, mpaka kichanga cha mgongoni, kisha akasimama kusubiri marahaba yake. Darasa la kwanza alilirudia mara tatu. Mwisho mwalimu mkuu akaniita ofisini na kuniambia, "Mzee, mwanao nimeshamzoea kuliko wanangu mwenyewe, lakini hapa kwangu basi." Ndugu zangu wa Kagera walisema mambo haya yametoka Ukerewe, upande wa mke wangu. Wa Ukerewe nao walisema yametoka Kagera, kwamba Wahaya tunajisifu mno na Mungu anatafuta mahali pa kutupunguzia. Nesi wa kliniki aliandika kwenye kadi kwamba ni mtindio wa ubongo, akatushauri tumpende. Kama vile tulikuwa tunangoja ruhusa yake!

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, miaka ya ruksa. Maduka yalijaa vitu, mitumba ikamwagwa mpaka kando ya reli, na kiwanda chetu, kilichokuwa kikitengeneza vitenge vya heshima, kikaanza kupunguza watu. Mimi nilikuwa karani wa stoo, mwenye kalamu mbili mfukoni na maneno mengi. Nikapunguzwa, mimi na kalamu zangu zote mbili. Mke wangu akapata kazi kwenye viwanda vipya vya minofu ya sangara, akawa anatoka alfajiri amevaa mabuti meupe ya mpira, nami nabaki nyumbani na binti. Tulicheza drafti kwa vizibo vya soda mpaka mchana. Nilimwachia ashinde, maana akishindwa aliupindua ubao na mimi ndiye niliyeingia uvunguni kuokota.

Sasa, shule moja ya mjini ikafungua darasa maalumu la watoto wa namna yake. Mwalimu mmoja, watoto kumi. Nilipofika kuulizia, tisa walikwisha patikana. Mwalimu wa darasa lile alikuwa mama mfupi, mwenye maneno makavu. Akaniambia, "Mlete Jumatatu, saa sita mchana, nimwone. Kuna wazazi wawili wengine wanaitaka nafasi hii. Ukichelewa nampa mwenzako, na usije ukanililia."

Nilipomweleza mke wangu, aliweka kijiko chini. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na miaka mingi alikuwa akisikia anaitwa zuzu dirishani kwake. Akasema, "Jumatatu hiyo hata kama ziwa litahamia mjini, mwanangu atafika."

Wakati huo mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na safari yake ya kurudi ilikuwa Jumamosi. Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu mkwe haangaliwi usoni, na kwao vilevile. Unamwamkia kwa mbali huku unatazama vidole vyako vya miguu. Ukiwa na neno la zaidi, unatafuta mtu wa katikati. Mtu wetu wa katikati alikuwa binti. Kwa wiki mbili nzima alikwenda na kurudi kati ya jikoni na sebuleni, amejaa fahari, akipeleka maneno. "Bibi anasema redio yako inapiga kelele." "Mwambie bibi nimepunguza." Dakika moja baadaye: "Bibi anasema hujapunguza." Nilikuwa naumwa meno kwa kuyasaga, lakini mkwe ni mkwe.

Jumamosi mke wangu alikuwa zamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza mgeni bandarini, binti akiwa amejitwika kikapu. Nikasimama mbali kama hatua ishirini, kwenye kivuli cha godauni, heshima zangu zote mkononi. Kwa bahati mbaya nikakutana na mwenzangu tuliyepunguzwa pamoja, naye sasa anauza mitumba, na wewe unajua watu waliopunguzwa wakikutana. Tukaanza kuwasema mameneja.

Binti akaja mbio. "Bibi anashukuru kwa ukarimu."

"Mwambie na sisi tunamshukuru."

Akaenda, akarudi. "Bibi anasema twende wote Nansio."

Sasa nisikilize. Mgeni akiondoka kwako ni lazima aseme twende. Asiposema hivyo hana adabu. Na wewe ni lazima useme utakwenda siku nyingine. Haijawahi kutokea, tangu Ukerewe iwe kisiwa, mwenyeji akasema haya twende na kuchukua viatu vyake. Nikajibu kama nilivyolelewa: "Mwambie tunashukuru sana, siku moja tutakuja, Mungu akipenda." Nikarudi kwa mameneja wangu.

Meli ilipopiga honi nikageuka kupunga mkono. Kwenye ubavu wa meli, katikati ya matenga ya nyanya, alisimama mama mkwe, na kando yake, anapunga mikono yote miwili na kucheka mpaka magego yanaonekana, alisimama binti yangu. Gati na meli vilikuwa vimeshaachana. Nilikimbia mpaka ukingoni, nikapiga kelele, kofia ikaanguka majini. Yeye alidhani namuaga, akazidi kupunga.

Mke wangu alirudi kutoka kazini, akavua mabuti mlangoni.

"Mama amesafiri salama?"

"Salama."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Naye amesafiri salama."

Sitaandika yote aliyoyasema, kwa sababu mengine yalikuwa kwa Kikerewe na mengine yalikuwa kweli tupu. Alisema nilipewa kazi moja tu duniani, ya kumtazama mtoto mmoja. Alisema nikianza kuongea hata nyumba ikiungua nitaomba nimalizie sentensi. Kisha akaketi juu ya ndoo, akalia, na nikatamani aendelee kunitukana. "Kesho unapanda meli," akasema baadaye. "Na Jumatatu saa sita ikukute shuleni." Nikajaribu kueleza kwamba mtu haendi ukweni bila taarifa, tena peke yake. Akanihesabia nauli. Nikaenda kutafuta sukari, sabuni na doti ya khanga, maana ukweni mikono mitupu haiingii.

Njia nzima Jumapili nilifanya mazoezi ya kufoka. Nina hasira za karibu, sikatai. Nilipanga nitamwambia nini binti, na maneno gani makali nitampa apeleke kwa bibi yake, ya heshima lakini yenye pilipili ndani. Ila meli ilipoingia katikati ya maji, hasira ikanikimbia ikaniacha na woga. Mtoto yule alimfuata yeyote aliyemwambia twende. Nani mwingine alimwambia twende tangu jana? Je, kama alikwenda ziwani kuoga na watoto, naye haogelei? Nilishika chuma cha meli nikaomba Mungu, mimi niliyekuwa nimeacha kwenda kanisani kwa aibu ya kukosa kazi.

Nyumbani kwa mama mkwe nilikuta ua umefagiliwa na mihogo imeanikwa. Hakukuwa na mtu. Nikakohoa, kama inavyotakiwa. Mlango wa jikoni ukafungwa upesi, nikajua mkwe yuko ndani. Nikakaa kwenye kigoda, mgongo nimeupa mlango, zawadi magotini. Sikuweza kumwuliza mtoto yuko wapi, kwa sababu wa kumtuma aulize ndiye huyo huyo niliyekuwa namtafuta.

Ndipo nikawaona wanatoka upande wa ziwani. Watoto saba au wanane, kwa mstari, na mbele yao binti yangu, ndoo ya dagaa kichwani, shingo imenyooka. Hakuna aliyekuwa anamcheka. Walikuwa wanamfuata.

"Baba," akasema, bila kushangaa, "umechelewa. Tulikungoja jana."

Nililia. Kwenye ua wa mkwe, mbele ya watoto wa watu, nililia, na hotuba yangu yote ikaishia kwenye kamasi.

Baada ya hapo mazungumzo yakaanza, na mjumbe wetu akarudi kazini. Nilituma kuuliza: imekuwaje? Kutoka jikoni likaja jibu kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeridhia; kwani nilimkataza nani? Mtoto alifika melini akasema, "Baba amekubali, anashukuru sana." Na mama mkwe alifurahi, akasema kumbe mkwe wangu ana moyo, amenipa mjukuu anisaidie uzeeni. Nikafumba macho. Siwezi kumlaumu mtu kwa kunidhania mwema.

"Bibi anasema nikae hapa," binti akaendelea, akitazama angani ili asisahau. "Anasema hapa hakuna wa kunicheka. Anasema nitachota maji, nitaanika dagaa, nitakuwa mkubwa. Anasema huko mjini mnanifungia ndani kama kuku wa sikukuu. Na anasema umekonda."

Kukonda sikujali. Hayo mengine yaliniingia, kwa sababu yalikuwa na ukweli wake. Pale alikuwa na watu wa kumfuata. Mjini alikuwa na mimi na ubao wa drafti. Ningeweza kusema haya, abaki, na Jumatatu mtoto wa mwingine akapata nafasi, na mimi nikapumzika. Nitakuwa mwongo nikisema sikulifikiria. Nililifikiria, tena kwa muda.

Lakini jibu lenyewe ningelituma vipi? Nimwambie binti mwenyewe, "Nenda kamwambie bibi kwamba wewe huwezi kubaki, kwa sababu hujui kusoma na kuna mwalimu anayetaka kujaribu"? Apeleke habari zake kama anavyopeleka habari za redio? Nikasimama. Nikaugeukia mlango wa jikoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya ndoa nikamwambia mama mkwe wangu neno zaidi ya salamu.

"Mama," nikasema. "Hapana. Naomba unisamehe. Kuna darasa mjini la watoto kama huyu, na kesho ndiyo siku yenyewe. Labda watamkataa. Lakini sitaki awe mkubwa aniulize kwa nini sikumpeleka."

Watoto wakatazamana, maana hata wao walijua nimefanya nini. Mlango ukafunguka kidogo.

"Kumbe una sauti," mama mkwe akasema. "Nilidhani binti yangu aliolewa na redio." Kisha akasema, taratibu zaidi, "Mpeleke. Likizo uniletee. Na wewe mwenyewe ule, umekonda kweli."

Mimi nililala gesti ya Nansio mjini, kwani sheria moja kwa siku inatosha kuvunjwa. Asubuhi meli ikachelewa kung'oa nanga kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyekataa kupanda. Watu kumi walimsukuma. Binti akataka kushuka ambembeleze, nikamshika gauni safari nzima. Tulipotua Mwanza saa sita ilikuwa imefika, tukapanda kilima kwa mbio, yeye akisimama kwa kila mpita njia, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mimi namvuta. "Hajajibu, baba! Yule hajajibu!" Nikamjibia mimi. Tangu bandarini mpaka shuleni niliitikia marahaba za watu wasiopungua ishirini.

Mwalimu alikuwa mlangoni, ana daftari kwapani.

"Nilisema usinililie. Nilikuwa natoka kumwita mwenzako."

"Silii, mwalimu. Nahema."

Akatutazama: mimi bila kofia, shati limeloa, binti ananuka dagaa na anamchekea kama wanajuana. Akatuingiza. Akamkalisha binti mbele yake, akamwuliza jina. Nikajibu. Akauliza ana miaka mingapi. Nikajibu, nikaongeza na mwezi wa kuzaliwa. Akauliza anapenda nini. Nikafungua mdomo.

"Mzee," mwalimu akasema, "nikuandikishe wewe?"

Akanionyesha mlango.

Nikasimama nje, kwenye dirisha la wavu, nikijifanya nasoma tangazo la mkutano wa wazazi. Ndani nikasikia binti anaulizwa jana alifanya nini, naye akaeleza: dagaa, bibi, baba alivyolia. Alieleza vizuri hata nikaona haya. Akaulizwa rangi, akakosa mbili. Akaulizwa kuhesabu, akafika kumi na mbili, akaruka hadi ishirini. Kisha mwalimu akauliza, "Unataka kukaa hapa usome na wenzako?"

"Hapana."

Ng'ombe, ziwa, mkwe, yote hayo, halafu hapana!

"Kwa nini hutaki?"

"Baba atakaa na nani?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. Binti akaona labda hajaeleweka, akaeleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliye nyuma kidogo kwa akili. "Baba hana kazi. Mama anayo. Baba hana rafiki. Watu wakija ananiambia niseme hayupo. Mimi ndiye nakaa naye."

Miezi yote ile nilijua mimi ndiye ninayemchunga. Nilimwonea huruma, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, nilijionea huruma mimi kwa ajili yake. Kumbe kila asubuhi mama yake alipotoka na mabuti yake, mtoto yule naye alikuwa anaingia zamu.

"Mzee," mwalimu akaita, bila kugeuka dirishani. Alijua nipo pale muda wote. "Ingia. Hili swali ni lako."

Nikaingia. Nikapiga kifua kidogo, kama mtu wa Kagera. "Mimi? Mimi nina marafiki wengi sana."

"Nani?" akauliza binti.

Hakuwa ananitega. Hakujua kutega. Alitaka kujua tu. Nikatafuta kichwani, na wote niliowakumbuka walikuwa wamehama, au ndio wale nilioagiza waambiwe sipo. Nikataja wa kwanza aliyenijia, fundi baiskeli wa njiapanda yetu, mtu ambaye tulikuwa tunapeana habari za saa hizi na kupita.

"Utakwenda kwake leo?"

"Nitakwenda."

"Utakaa?"

"Nitakaa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Basi na mimi naandika," mwalimu akasema, akafungua daftari. "Wa kumi. Mzee, mfuate saa kumi." Binti akavuta benchi, akajibana kati ya watoto wawili bila kuomba nafasi, akawapa shikamoo wote wawili. Mmoja akaitikia.

Nilirudi Nyakato mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Ningeweza kwenda moja kwa moja nyumbani, mlango ulikuwa karibu. Lakini jioni angeniuliza, na mtoto yule ukimdanganya anakuamini, jambo ambalo ni baya zaidi. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu.

"Habari za saa hizi," nikasema.

"Nzuri." Akangoja nipite. Sikupita. "Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli."

"Sasa?"

"Nimekuja kukaa," nikasema.

Akanitazama, bisibisi mkononi. Kisha akanisogezea debe la grisi kwa mguu. Niliona aibu, nasema kweli, mtu mzima kutafutiwa rafiki na mwanawe. Lakini nilikaa.